Barua ya wazi: Mheshimiwa, bango la Maktau lisichapishwe bado

Mheshimiwa mwenye dhamana ya kumbukumbu za vita,

Salamu na heshima zote unazostahili. Tumeyaona maneno ya bango la Maktau, Taita Taveta, la kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yaliyobandikwa juma lililopita kwa siku mbili kisha yakabanduliwa. Uliahidi mbele ya watu kwamba tungeitwa kabla ya kuchapishwa. Pengine simu ya ofisi iliishiwa na salio.

Luteni Wilbur Dartnell anastahili bango, hilo halina ubishi. Alizaliwa Collingwood, Melbourne, tarehe 6 Aprili 1885. Alikuwa mwigizaji kabla ya kupewa uluteni Februari 1915 katika Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers cha jeshi la Uingereza, kilichoshuka Mombasa miezi mitatu baadaye. Reli ya kijeshi ya kutoka Voi ilikuwa imeshafika Maktau, na doria za Wajerumani hazikuchoka kuilipua. Tarehe 3 Septemba, askari wa miguu waliopandishwa farasi walipambana na adui kwa umbali wa hatua chache. Dartnell, risasi mguuni, alikuwa tayari anabebwa kuondolewa. Akaona majeruhi mahututi hawawezi kubebwa, akashikilia aachwe nao, labda atawaokoa. Akauawa hapo hapo, umri miaka 30. Victoria Cross yake, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ilitangazwa Desemba. Kaburi liko Voi.

Hayo mmeyaandika vizuri. Lakini mmenakili pia, neno kwa neno, ile sentensi ya tangazo la nishani hiyo la 1915 kwamba askari weusi wa adui huwaua majeruhi. Tunahisi mwandishi wenu aliiokota mtandaoni akaona kazi imekwisha. Mheshimiwa, askari weusi walipigana pande zote mbili. Tangazo la wakati wa vita huandikwa kwa hasira ya vita. Bango la serikali, linalosomwa na watoto wa Mwatate wakienda shule, haliwezi kusema hivyo kwa sauti yake lenyewe. Semeni ni maneno ya tangazo, au yafuteni.

Na wapagazi, waliobeba mizigo ya jeshi? Hawana hata herufi moja! Ndio walioipa Kariokor ya Nairobi jina lake, kutoka Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, na Kariakoo ya Dar es Salaam pia. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, unaotaka kupikwa muda mrefu, wakati wanafika kambini usiku, sufuria chache, kuni mbichi. Waliozoea ndizi au wimbi walikula uji nusu mbichi, likaja tumbo la kuhara damu, na mzigo wa kesho uko pale pale.

Tunaambiwa majina hayapatikani, kwa kuwa karani aliandika alivyosikia. Dartnell alizaliwa William Thomas, akapigana kama Wilbur Taylor, na hakupotea. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri.

Hatuombi bango la pili. Tunaomba aya moja juu ya wapagazi, kwa Kiswahili, kwenye bango hilo hilo, kabla halijachapishwa. Aya moja tu, Mheshimiwa. Tumeshaiandika, ina mistari sita. Tupigie, salio tutakuwekea sisi.