Mmemwonea Dino Zoff

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 30 bila kukuandikia hata mstari mmoja, na nisingeandika leo kama si makala yenu ya wiki mbili zilizopita kuhusu walinda mlango wa Italia, ile iliyopambwa kwa picha kubwa ya Gianluigi Donnarumma. Sina ugomvi na Donnarumma. Kijana aliyesimama golini kwa AC Milan kwenye ligi kuu akiwa na miaka 16 anastahili picha. Ugomvi wangu ni ile aya moja mliyomtupia Dino Zoff, mkisema kwamba hakuwa lolote hadi Kombe la Dunia la mwaka 1982, kwamba alibebwa na mabeki, na kwamba siku hizi kipa asiyefika mita 1.90, au ambaye hajajulikana kabla ya kutimiza miaka 20, hana sababu ya kusubiriwa.

Nianze na hao mabeki. Mwandishi wenu amewataja Gaetano Scirea, Claudio Gentile na Antonio Cabrini kana kwamba Zoff alikuwa ameweka kiti nyuma yao akinywa kahawa. Ile rekodi ya dakika 1,142 bila kufungwa akiwa na timu ya taifa, ambayo ameitaja bila kuichunguza, ilianza Septemba 1972 na ikavunjwa Juni 1974, wakati ambapo hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuwa amewahi kuichezea Italia. Katika kipindi hicho Brazil walishindwa kumfunga mjini Roma, na Waingereza wakashindwa mara mbili, Turin na kisha kwao Wembley. Aliyeikata rekodi hiyo ni Emmanuel Sanon wa Haiti, kwenye Kombe la Dunia, mjini Munich, katika mechi ambayo hata hivyo Italia ilishinda 3-1. Kama mabeki hao ndio waliombeba, basi walimbeba kabla hawajafika.

Na huko kuchelewa mnakokusema, mbona hamkueleza nani alimchelewesha? Akiwa na miaka 14 alikwenda kujaribiwa Inter na Juventus, na kote akakataliwa kwa kuwa alionekana mfupi. Bibi yake, Adelaide, ndiye aliyeshauri alishwe mayai ili arefuke, na hata baada ya mayai yote hayo aliishia mita 1.82, ambayo kwa kipimo cha gazeti lako bado ni ufupi. Udinese ikamchukua, na katika mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, Septemba 1961, Fiorentina wakamfunga matano. Msimu huo timu ikashuka daraja. Akaenda Mantova, kisha Napoli, na ni mwaka 1972 tu, akiwa na miaka 30, ndipo Juventus, ile ile iliyomwona mfupi, ilipomnunua. Hapo akacheza misimu 11 ya ligi yenye mechi 30 kila mmoja, na atakayezidisha atapata 330, kwa sababu hakukosa hata moja. Mataji sita ya ligi, Kombe la UEFA la 1977, na kabla ya hapo, mwaka 1968, alikuwa tayari bingwa wa Ulaya na timu ya taifa. Huyo ndiye mtu ambaye hakuwa lolote hadi 1982.

Mngeandika kwamba alikuwa na makosa yake ningenyamaza. Kwenye Kombe la Dunia la 1978 kule Argentina alifungwa kwa mashuti ya mbali, la Mholanzi Arie Haan likiwa baya zaidi, na watu wakasema macho yamezeeka. Kombe la Klabu Bingwa Ulaya hakulipata kamwe. Alishindwa fainali mwaka 1973, akashindwa tena mwaka 1983 kwa goli la Felix Magath wa Hamburg mjini Athens, kisha akastaafu. Hayo ni ya kweli na hayamwonei mtu.

Lakini maneno yenu yana madhara, Mhariri, na nimeyaona kwa macho yangu. Wiki iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka 14 kwenye majaribio ya kituo kimoja cha kulea vipaji, ambacho sitakitaja. Kocha hakumpigia hata shuti moja. Alimsimamisha kwenye mwamba wa goli uliochorwa mstari wa chaki, akatazama pengo lililobaki juu ya kichwa chake, akamwambia akajaribu winga. Nilipouliza kama kweli mtoto ataondoka bila kugusa mpira, alinijibu kwa adabu zote: "Mzee wangu, siku hizi kipa ni urefu. Hata gazeti limeandika." Gazeti lenyewe lilikuwa lako, alikuwa nalo pale pale, limefungia maandazi. Tulirudi kwa bajaji bila kusemeshana, naye amezishika glavu alizokuwa hajazivaa.

Wala si makocha peke yao. Kwenye bonanza la mtaani kwetu mfungaji bora alipewa baiskeli, kipa bora akapewa chupa ya chai. Watangazaji wa redio nao wakiona kipa ameokoa husema ni bahati, na akifungwa hulitaja jina lake hadi mapumziko.

Ndiyo maana kila mtu anakumbuka kwamba tarehe 5 Julai 1982, mjini Barcelona, Paolo Rossi aliwafunga Brazil matatu, na ni haki akumbukwe. Nani kati yenu ameandika juu ya mpira wa kichwa alioupiga Oscar, beki wa Brazil, katika dakika za mwisho, Italia ikiongoza 3-2, na sare ingetosha kuwavusha Brazil? Zoff, nahodha mwenye miaka 40, aliruka akaukandamiza mpira juu ya mstari huku Wabrazili wakidai ni goli. Mimi wakati huo nilikuwa kipa wa timu ya kazini, na nilipokuja kuziona picha hizo miaka mingi baadaye nilitambua jambo ambalo mwandishi asiyewahi kudaka hawezi kuliona: hakuupangua. Angeupangua, Mbrazili mwingine angeusukuma ndani, na pasingekuwa na fainali ya Madrid wala ushindi wa 3-1 dhidi ya Ujerumani Magharibi. Waitaliano walilijua hilo, kwani stempu waliyotoa kusherehekea kombe, iliyochorwa na Renato Guttuso, ilionyesha mikono ya Zoff tu ikiwa imelinyanyua.

Kusahihisha makala sitaomba, maana masahihisho yenu huwa chini ya matangazo ya viwanja. Ninaomba mwandishi wenu aje uwanja wa mtaani kwetu Jumamosi yoyote, saa kumi na nusu jioni. Asimame goli moja na mjukuu wangu lingine, nami nitawapigia mashuti kumi kila mmoja kutoka nje ya kumi na nane. Kabla ya kuanza apimwe urefu kwa chaki. Mayai ya kuchemsha nitaleta mimi.

Kipa mstaafu,
Ngamiani, Tanga