Mkiandika faida ya benki, andikeni na mtaji wake

Mhariri,

Kila msimu wa matokeo ya benki ukifika, kurasa zenu za biashara hubeba nambari moja kwa herufi kubwa: faida. KCB Group ilipata Sh37.5 bilioni mwaka wa 2023, lakini wanahisa wake hawakupewa hata senti. Equity Group ilipata Sh43.7 bilioni mwaka huo huo na ikalipa Sh4 kwa kila hisa. Pengo la faida lilikuwa dogo, la mgao likawa kubwa, na wasomaji wengi hawakuelewa sababu. Sababu ni mtaji, yaani fedha za wenye benki wenyewe zinazobeba hasara, na mtaji ndio mnaouacha nje ya habari.

Kampuni mama ya benki, ile inayomiliki benki za kundi (benki tanzu), haipokei amana wala haimkopeshi mteja yeyote. Equity ilichukua muundo huo mwishoni mwa 2014, na KCB mwanzoni mwa 2016. Mapato ya kampuni mama ni mgao unaopanda kutoka benki tanzu, nayo huamua uende wapi: kwa wanahisa, kwa madeni yake yenyewe, au kwa tanzu iliyopungukiwa. Tanzu iliyo chini ya viwango vya mtaji haipandishi chochote, huomba.

Hapo ndipo National Bank, tanzu yake dhaifu, ilipoiumiza KCB. Ilinunuliwa mwaka wa 2019 kwa kubadilishana hisa, kumi za National kwa moja ya KCB, bila pesa taslimu, na wengi wakaona ni bei nafuu. Gharama ya benki dhaifu haimo katika bei ya ununuzi. Imo katika mtaji inaoendelea kuudai miaka inayofuata. Machi 2024 KCB ilitangaza kwamba inaiuza kwa Access Bank ya Nigeria kwa mara 1.25 ya thamani ya vitabu (mali ukitoa madeni), na mauzo yakakamilika 2025. Kwa maoni yangu, kuuza kulikuwa uamuzi sahihi.

Benki Kuu ya Kenya hudai mtaji wote usipungue asilimia 14.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari, yaani kila mali ikihesabiwa kwa uzito wa hatari yake, na mtaji wa msingi, ambao hasa ni fedha za wanahisa na faida iliyobakizwa, asilimia 10.5. Mkopo wa Sh100 milioni kwa mfanyabiashara asiye na dhamana ya pekee hupimwa kwa uzito wote, kwa hiyo hufunga mtaji wa Sh14.5 milioni. Hizo Sh100 milioni zikinunua bondi za serikali ya Kenya, uzito wake ni sifuri. Mtaji ukibana, basi, benki hupunguza kwanza mikopo ya wafanyabiashara na kukimbilia bondi. Hata huko haiwezi kukua bila kikomo, kwa kuwa mtaji wa msingi lazima pia ufikie asilimia 8 ya amana.

Sasa mkopo ule upitishe siku 90 bila kulipwa, na benki itenge Sh50 milioni za hasara. Tuache kodi kando. Pesa hizo zinatoka kwenye faida, na faida iliyobakizwa ni sehemu ya mtaji wa msingi. Milioni 50 zilizopotea zingeweza kubeba mikopo ya karibu Sh345 milioni. Mkopaji mmoja akishindwa, wengine kadhaa ambao hawajawahi hata kuingia benki hiyo wanakosa mkopo. Ndiyo maana sheria hairuhusu mkopaji mmoja apewe zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wa msingi.

Kukua nje ya nchi kuna mtego wake. Equity ilinunua benki ya ProCredit ya Kongo 2015 na BCDC ya huko huko 2020, ikaziunganisha kuwa EquityBCDC. KCB ikachukua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank, pia ya Kongo, mwishoni mwa 2022. Kule biashara nyingi ya benki ni ya dola. Mwaka wa 2023 dola ilipanda kutoka karibu Sh123 hadi karibu Sh157. Mikopo ya Kongo isiyoongezeka hata dola moja ingeonekana katika vitabu vya Nairobi kama imekua kwa zaidi ya robo. Kufikia katikati ya 2024 dola ilikuwa imerudi karibu Sh130, na ukuaji huo ukayeyuka bila mteja hata mmoja kushindwa kulipa. Gazeti linaloandika asilimia ya ukuaji bila kutaja dola humpotosha msomaji.

Nambari hizi hamhitaji kuzitafuta mbali. Matangazo ya robo mwaka ambayo benki hulipia katika magazeti yana sehemu ya chini yenye uwiano wa mtaji, mikopo isiyolipwa na fedha zilizotengwa. Naomba mchapishe, kando ya faida, uwiano wa mtaji wa kila benki tanzu na si wa kundi zima pekee, kwani wastani wa kundi huficha tanzu iliyo taabani. Ongezeni sehemu ya mikopo mibaya ambayo tayari imetengewa fedha, na mgao ambao kampuni mama ilipokea kutoka kwa kila tanzu.

Haja hii itazidi. Sheria iliyopitishwa Desemba 2024 inapandisha kiwango cha chini cha mtaji wa msingi kutoka Sh1 bilioni hadi Sh10 bilioni kufikia mwisho wa 2029, kwa awamu. Benki ndogo zitatafuta wanunuzi, na wanunuzi wengine watakuwa makundi haya haya. Kila ununuzi ukitangazwa, mwandishi wenu aulize kwanza benki inayonunuliwa inapungukiwa mtaji kiasi gani, na ni tanzu ipi itakayolipa.

Mwanahisa,
Nakuru