Ndoo ya maji mlangoni: barua kwa mdogo wangu aliye Dar

Mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumbani Kilimanjaro. Mama hajambo, ni miguu tu inamsumbua asubuhi. Mvua zimekatika na kahawa zimeanza kuiva. Nimekupigia mara tatu juu ya jambo hili, na mara zote ulikuwa kwenye foleni, tukaishia kwenye "nitakupigia dada." Basi nimeliandika. Ninaliandika hadharani kwa sababu kila nikishuka sokoni naona kihamba kingine, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kimejengewa banda la nguruwe na mtoto aliye Dar, Arusha au nje ya nchi, na yaliyotupata sisi yatawapata na wao.

Ulishasikia kwamba shimo la kinyesi la banda lako la nguruwe lilifurika Aprili. Hukuambiwa jinsi nilivyojua. Mvua ilinyesha usiku kucha, na alfajiri nilipofungua mlango nilimkuta jirani yetu wa chini, yule aliyekubeba mgongoni wakati mama anamuuguza baba hospitali. Alikuwa na ndoo. Akaitua kizingitini, akanitazama, akaondoka bila kusema neno. Ndani mlikuwa na maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa asili, yana rangi ya chai ya maziwa, na harufu yake sikuhitaji kuinama kuisikia. Ndiyo maji aliyokuwa ameteka ili awapikie wajukuu uji.

Nimeishi miaka hamsini na minne pembeni ya mfongo ule. Babu zetu waliuchimba kwa majembe ya mkono, wakayatoa maji korongoni na kuyazungusha ubavuni mwa kilima, nyumba kwa nyumba, na kila ukoo una zamu yake. Wazee wa mfongo walimtoza faini mtu aliyefulia ndani yake. Maji yale yakitoka kwetu yanapita vihamba kumi na moja, yanarudi mtoni, yanaingia Mto Weruweru, halafu Kikuletwa, na mwisho Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kila tunachokidondosha hapa kuna mtu anakinywa au anamwagilia nacho.

Uliponiuliza kwa ujumbe kama tatizo ni mvua kubwa, nilikujibu ndiyo. Nilikosea. Nimekaa na suala hili miezi mitatu, nikaenda kwa ofisa mifugo, nikapima kwa kamba na kalamu, na naona mvua ilitufichulia tu kosa lililokuwepo tangu siku ya msingi.

Kwanza bati. Fundi alielekeza maji ya paa lote la banda kwenye shimo la kinyesi, eti yasaidie kusafisha mfereji. Paa lina mita za mraba 96. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Usiku ukinyesha milimita 60, jambo la kawaida kabisa huku juu wakati wa masika, lita zaidi ya elfu tano na mia saba zinaingia shimoni kabla nguruwe hawajakojoa. Gata mbili na bomba la kupeleka maji kwenye tangi la plastiki zingetuepusha na aibu ile. Nimeshaziweka, gharama yake nitakutumia.

Pili mpira wa maji. Kijana uliyemwajiri anaosha banda kwa mpira asubuhi na jioni, na ni wewe uliyemwagiza, kwa sababu unataka wateja wakija wakute sakafu inang'aa. Nguruwe mmoja wa kunenepesha anatoa kilo nne hivi za kinyesi na mkojo kwa siku. Wako 40, kwa hiyo kilo 160, mizigo michache ya toroli. Ukiosha kwa mpira, mizigo hiyo inageuka maelfu ya lita za tope jembamba lisilobebeka, lisilooza vizuri, linalotafuta mteremko tu. Na ile harufu inayowafanya majirani wafunge madirisha inatengenezwa palepale sakafuni: mkojo una urea, kinyesi kina kimeng'enya kinachoivunja urea, vikikutana amonia inapanda hewani. Vikitenganishwa mapema, harufu inapungua sana. Siku hizi tunafagia kavu kwa koleo kwanza, mkojo unateremka kwenye mfereji wake mpaka kwenye pipa lenye mfuniko, na sakafu inaoshwa mara moja kwa wiki.

Hayo mawili ni mepesi. La tatu ndilo lililonifanya nishindwe kulala, na ndilo ninaloomba ulisome polepole.

Kumbuka kihamba cha babu kilivyokuwa. Ng'ombe wawili, mbuzi, nguruwe mmoja wa Krismasi. Mama na shangazi walikuwa wanashuka tambarare kukata nyasi na kuzipandisha kichwani, ng'ombe wanakula, samadi inakwenda kwenye migomba na kahawa. Rutuba ilipanda mlimani kwa mzigo wa kichwa, kidogo kidogo, na migomba iliweza kuila yote. Sasa tazama nguruwe wako wanakula nini. Pumba za mahindi kutoka mashineni mjini, mashudu ya alizeti kutoka Singida, dagaa wa Mwanza. Rutuba ya mashamba ya Singida na ya Ziwa Victoria inapakiwa kwenye lori na kushushwa kwenye ekari yetu moja na nusu. Sehemu kubwa ya rutuba hiyo ni nitrojeni, na nguruwe anajenga mwili kwa sehemu ndogo tu ya nitrojeni anayokula. Iliyo nyingi anaitoa kwa nyuma.

Nguruwe wa kunenepesha anaacha takriban kilo 10 za nitrojeni kwa mwaka. Wako 40, ni kilo 400. Huko Ulaya, baada ya kuchafua visima na mito yao kwa miaka, waliweka mwaka 1991 sheria ya nitrati, yaani nitrojeni ikishageuka udongoni na kuyeyuka majini, na kiwango chake cha samadi ni kilo 170 za nitrojeni kwa hekta kwa mwaka katika maeneo yaliyo hatarini. Kihamba chetu ni hekta 0.6. Piga hesabu mwenyewe: kilo 102. Ni nguruwe kumi. Hao thelathini wengine samadi yao haina pa kwenda hapa nyumbani, hata tukiifagia vizuri namna gani, hata tukichimba shimo la pili na la tatu. Shimo halili nitrojeni. Linaitunza mpaka ipate njia.

Najua udongo wetu wa volkano ni mkarimu. Fosforasi unaishika kwa nguvu. Nitrati hauishiki, inashuka na maji ya mvua mpaka kwenye chemchemi ambako watoto wanateka, na mtu akisema "tunachemsha" hajajisaidia, kwa sababu kuchemsha kunaua vijidudu lakini nitrati inabaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wa miligramu 50 kwa lita, na wanaoumia kwanza ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kukoroga, damu yao inashindwa kubeba oksijeni.

Uliniambia wakubwa duniani wanafuga maelfu na hawahangaiki. Wanahangaika, mdogo wangu. Huko North Carolina, Marekani, wanakotunza kinyesi cha nguruwe kwenye mabwawa ya wazi, ukingo wa bwawa moja ulipasuka Juni 1995, na takriban lita milioni 95 za tope zikaingia Mto New, samaki wakafa kwa wingi. Miaka miwili baadaye jimbo lilisimamisha ujenzi wa mabwawa mapya ya namna hiyo. Wale wana trekta, wana wahandisi, wana mashamba makubwa tambarare. Sisi tuna kilima.

Kuhusu biogesi, gesi ya kupikia itokanayo na samadi, ambayo umeitaja kama suluhisho la yote: naiunga mkono. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini pale Arusha, wamefanya kazi ya mitambo hii kwa muda mrefu, na tangu mpango wa biogesi ya majumbani ulipoanza mwaka 2009 nimeona jikoni kadhaa huku kwetu zikiachana na kuni. Mama angepumzika na moshi. Lakini mtambo unachukua kaboni kutengeneza gesi. Nitrojeni na fosforasi zote zinatokea upande wa pili kwenye tope, tena zikiwa katika hali ambayo mmea unazinyonya haraka na maji yanazichukua haraka vilevile. Ukijenga mtambo bila kuwa na shamba la kupokea tope lake, umepata gesi na tatizo umebaki nalo.

Jambo jingine, na hapa nina hasira kidogo, nisamehe. Umejenga banda la saruji lenye sakafu nzuri kuliko ya nyumba nyingi hapa, na kijana anayelihudumia hana choo. Anakwenda migombani. Watu wanaogopa kinyesi cha nguruwe kwa sababu ya tegu, kumbe mzunguko wa tegu unaanzia kwa binadamu: mwenye tegu anajisaidia ovyo, nguruwe anakula mayai ya tegu, nyama inajaa malengelenge yenye tegu wachanga. Na mtu naye akimeza mayai hayo kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, malengelenge yanaweza kukaa ubongoni na kumletea kifafa. Watu wa Mbulu, mkoani Manyara, wanalijua jambo hili kwa uchungu. Choo kilianza kuchimbwa Jumatatu. Sikusubiri ruhusa yako.

Na kijana huyohuyo nilimkuta anataka kushuka shimoni kuzibua bomba, kajifunga kitambaa puani. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Kwenye shimo la kinyesi lililofunikwa kuna gesi inayonuka kama yai viza, na ikizidi pua inaacha kuisikia, mtu anaanguka, na anayeingia kumuokoa anaanguka juu yake. Mwambie wewe pia, asikie kutoka kwa tajiri wake: hakuna mtu anayeingia kwenye lile shimo, kwa sababu yoyote ile.

Sasa ninachofanya. Kinyesi kikavu tunakipanga kwa tabaka na majani makavu ya migomba na maranda kutoka kwa fundi seremala, kwa sababu samadi ya nguruwe ina nitrojeni nyingi na bila majani mengi inageuka uvundo. Lundo liko chini ya bati, sehemu ya juu ya kihamba, mbali na mfongo. Ukikamata konzi na kuibana, vidole vilowe tu, maji yasidondoke. Natumbukiza nondo katikati, naitoa baada ya dakika chache: ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, lundo linafanya kazi yake, vijidudu na mbegu za magugu vinakufa. Tunaligeuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu unapata mboji nyeusi inayonukia msitu. Nilipoweka samadi mbichi mwaka jana, migomba michanga iliungua mizizi. Hii haiunguzi.

Mboji ya ziada inashuka tambarare. Wale jamaa wa mpunga na mahindi huko chini wananunua mbolea ya dukani kwa bei unayoijua, na udongo wao umechoka. Nimeongea na wawili, watakuja na gari lao wachukue magunia, na lori linalopandisha pumba lisirudi tupu. Kwa njia hiyo ekari zao zinahesabika pamoja na yetu. Mpaka mkataba huo usimame, naomba tupunguze nguruwe wafike 10. Wakubwa 20 wamekaribia uzito, wauze mwezi huu, usilete wengine. Kumi wengine tutawauza Septemba.

Na banda lihame. Liko hatua ishirini na tano kutoka mfongoni, na korongo liko chini yake kidogo tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Usiniambie mfongo si mto. Korongo ni mto, na mfongo unarudi humohumo. Tuna nafasi kule juu kwenye mikahawa mizee ambayo baba alitaka kuing'oa tangu zamani. Itakugharimu. Nitachangia matofali.

Jirani hajadai fidia, wala hajakwenda kwa mtendaji. Wazee wa mfongo walimuita, akasema anangoja. Nilielewa anangoja nini. Nikachukua jani la isale pale mpakani, ambalo kwetu Wachaga ni ishara ya kuomba msamaha, nikaenda nalo kwake jioni, nikampa kwa mikono miwili. Alilipokea. Akaniketisha, akanipa ndizi, tukaongea habari za watoto kwa muda mrefu. Nilipoinuka kuondoka akaniuliza wewe unakuja lini. Nikamwambia Agosti.

Ni dada yako.