Kikao cha Jumamosi: miparachichi na nyuki wetu

Shikamooni wazee, na wengine hamjambo.

Jumamosi hii saa 3 asubuhi tukutane Kibosho, shambani kwa mwenyekiti. Mchango ni Sh 5,000 za miche ya mringaringa, mti ambao nyuki wanayapenda sana maua yake. Zimfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

Jambo kubwa ni dawa za kupulizia miti. Miparachichi imeanza kuchanua, na ua lake hufunguka mara mbili: kwanza likiwa jike, kesho yake likiwa dume. Pasipo mdudu wa kubeba chavua, maua mengi yatapukutika bure. Kwa hiyo nawasihi:

1. Msipulize dawa mti ukiwa na maua. Ikibidi kabisa, subirini jioni, nyuki wakisharudi mzingani.
2. Nyuki wadogo wasiouma, wale wa kwenye magogo na nyufa za kuta, msiwachome moto. Nao wanatufanyia kazi.
3. Mwenye jirani anayepuliza mchana aje naye, tuzungumze kwa upole.
4. Msisahau kuja na majembe, jamani!

Tafadhali andika NIPO au SIPO hapa hapa kabla ya kesho saa 2 usiku, wa chai wajue idadi.