Kwenu batoto munaopandisha pano za solere hapa Bukavu

Jambo batoto yangu wa Kadutu, Ibanda na Bagira. Ni mzee wenu naandika, ule munakuja kuamsha usiku wakati waya zimeungua.

Juzi nilisikia mumoja wenu anaambia mama fulani eti umeme wa jua hauna uchafu ata kidogo. Apana mwanangu. Ile pano, mbele ya kufika Nyawera, ilizaliwa mu moto: silisi, ile kintu pano inatengenezwa nayo, inayeyushwa kwa digri zaidi ya 1,400, na nyingi inatengenezwa China kwenye bado banachoma makaa ya mawe sana. Moshi ulibakia kule lakini ni wa pano yako.

Siko napinga solere, musinielewe vibaya. Wataalamu wa IPCC, kundi ya dunia yenye inachunguza mabadiliko ya hali ya hewa, mwaka 2014 balihesabu kutoka mugodi mpaka jalala: kwa kila kilowati-saa, makaa ya mawe yanatoa karibu gramu 820 za hewa ya kaboni, gazi 490, pano ya juu ya nyumba 41, barage ya maji (bwawa la umeme) 24. Solere iko muzuri sana. Na umeme wa maji nao uko na deni yake, simenti, vyuma, na kwenye banazamisha pori majani yanaoza yanatoa metani, gazi ingine yenye inapasha dunia moto. Barage yetu ya muto Ruzizi inateseka na kingine, machupa ya plastiki tunatupa mu mifereji yanashuka ziwani yanaenda kuziba barage, alafu giza ikiingia tunatukana.

Lakini ile gramu 41 haikuhesabu batri yenye munaweka pembeni, na ni hapo naogopa. Pano inaweza maliza miaka 25, batri ya risasi (ile chuma laini, plomb) na asidi miaka mitatu, minne, inakufa. Inaenda wapi?

Mimi zangu nilikuwa navunja mwenyewe. Asidi namwanga nyuma ya nyumba, ndizi tatu zilikauka nikasema ni ugonjwa wa ndizi, risasi nayeyusha kwa mbabula (jiko ya makala) ileile mama wa batoto anapikia fufu, nauzisha bavuvi kwa kuzamisha nyavu. Batoto balikuwa bananizunguka banaangalia ile kintu inang'aa. Risasi inaingia kwa pumzi na kwa mikono, inaharibu akili ya mutoto na haimurudishie, na sikujua, hakuna mutu aliniambia.

Kwa hiyo mukiuzisha batri mupya, rudisheni ya zamani, mumupunguzie mama bei kidogo juu ya ile. Musiipasue, musiimwange, ikae wima pahali pakavu mbali na batoto mpaka zikuwe nyingi za kujaza gari, mukatafute kwa pamoja mununuzi mwenye ako na fuluu (tanuru) ya kweli ya kuyeyusha risasi, haiko ule wa mbabula kama mimi.

Kwangu kuko mbili zimekufa, ziko mu depo. Nani anakuja kuzitwaa?