Barua ya wazi kwa mkubwa wa probesheni: mtu akirudia unga wa heroini mpelekeni kliniki kwanza

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni dada wa kijana mmoja hapa Mombasa aliye chini ya probesheni, yaani korti imemwacha nje akiangaliwa na afisa, naandika hadharani maana milango nimebisha mpaka nimechoka.

Ndugu yangu alikuwa kwa unga miaka mingi, lakini tangu aanze methadoni, dawa ya kliniki ya kumtoa mtu kwa heroini, alibadilika kabisa, kila asubuhi yuko foleni kliniki, anainywa dozi palepale dirishani mbele ya nesi, anaongeleshwa kidogo wahakikishe amemeza, ndio aende kazini. Dawa hiyo haijui Jumapili wala Idi. Sasa siku ya kuripoti probesheni ni asubuhi hiyohiyo, akiogopa kukamatwa akaripoti, dozi akaikosa, arosto, ule ugonjwa wa kukosa dawa, ikamshika. Mifupa inauma kama inapondwa, tumbo linamkata, jasho na baridi pamoja, mwishowe akanunua kete moja ya unga. Na akamwambia afisa wake mwenyewe, hakuficha wala hakufumwa! Kule kusema ukweli ndiko kulikomrudisha kortini.

Akalala seli siku tano bila methadoni. Nilimkuta amejikunja sakafuni, shati nililomnunulia limejaa matapishi, ananiomba maji hata kikombe hawezi kushika. Na ukikosa siku kadhaa mfululizo hurudishiwi dozi ileile, unashushwa uanze kupanda upya polepole, na hapo ndio wengi wanarudi maskani kwenye unga. Kisha mwili ushasahau unga, mtu akijidunga kipimo chake cha zamani anakufa. Tumezika vijana hivyo mtaani kwetu jamani.

Sisemi aachiliwe hivihivi, alikosea. Lakini sheria yenyewe ya probesheni, Sura ya 64, haimlazimishi hakimu kumfunga aliyevunja masharti, anaweza kumtoza faini na probesheni ikaendelea. Na methadoni si kitu kigeni, hospitali ya Mathari kule Nairobi walianza mwisho wa 2014, Malindi ikafuata 2015, mbona mpaka leo afisa na nesi hawapigiani hata simu?

Naomba walio kwa methadoni waripoti alasiri, mtu akiteleza kliniki ijulishwe kabla ya korti, na akiwekwa ndani dozi imfuate huko huko.

Kesi yake inatajwa Jumanne. Kadi yake ya kliniki ninayo mimi, nitakuja nayo asubuhi, naomba afisa wako aipokee aisome kabla hakimu hajaingia.