Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi: Pua na Ulimi wa Mdudu Mharibifu

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Kilimo wa Wilaya, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe kwa kukubali mwaliko wetu katika msimu huu wa palizi, wakati kila kijiji kinakuhitaji.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza na swali la mzazi. Mama mmoja mwenye mtoto hapa shuleni alikuja na bua la mahindi, akalipasua mbele ya mwalimu wetu. Ndani mlikuwa na funza wawili na unga wa kinyesi kama pumba. Akasema, "Nimepuliza dawa mara tatu. Usiku ni giza, mimea imejaa kila mahali, hawa wanajuaje kwamba hapa pana mahindi?" Darasa zima tukanyamaza. Tangu siku hiyo tumekuwa tukitafuta jibu, na leo tunaomba kukueleza tulipofikia.

Mama wa wale funza ni nondo, na nondo hutafuta njia kwa harufu. Kwenye papasi zake mbili mna vinywele vidogo sana vyenye matundu. Harufu hupenya humo na kukutana na protini zinazoitwa vipokezi, na kila kipokezi hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni yake, yaani chembe yake ya urithi. Jeni za kunusa ziligunduliwa kwanza kwa panya mwaka 1991, na Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, ambao walitunukiwa Nobel mwaka 2004. Za wadudu zilifuata mwaka 1999, kwa yule nzi mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva. Baadaye ikajulikana kwamba kwa wadudu vipokezi hivi havifanyi kazi peke yake: kila kimoja hushikana na mwenza mmoja, yuleyule kwa wote, anayeitwa Orco. Wanasayansi walipoizima jeni ya Orco kwa nondo wa jamii ya viwavijeshi, madume hawakuweza tena kuwatambua majike kwa harufu. Jeni moja tu, na ndoa ikavunjika.

Harufu hiyo ya jike ina historia inayotugusa sana. Mjerumani Adolf Butenandt aliitafuta kwa nondo wa hariri kwa takribani miaka 20. Alitumia tezi za majike wapatao nusu milioni ili apate miligramu chache, na mwaka 1959 akaitangaza. Mitego ya feromoni, yaani harufu hiyo ya kuitana, inayouzwa leo kwenye maduka ya pembejeo imetokana na subira ya namna hiyo.

Ndugu Mgeni Rasmi, harufu humleta nondo shambani. Anayekula ni mtoto wake, na yeye hutegemea ladha. Kiwavi hana ulimi kama wetu. Huonja kwa vipapasio vidogo vilivyo kando ya mdomo, navyo vina jeni zake. Nyuki ana jeni za kuonja 10 tu. Funza wa hariri anazo kama 70. Kiwavijeshi vamizi, huyu aliyeonekana Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu Tanzania mwaka 2017, jeni zake zilisomwa mwaka huohuo wa 2017, zikakutwa za kuonja zaidi ya 200. Mdudu huyu amerekodiwa kwenye mimea zaidi ya 350. Sisi tunaona mambo haya mawili yanakwenda pamoja: anayekula kila kitu anahitaji kutambua sumu nyingi na vyakula vingi.

Jaribio lililotushangaza kuliko yote lilifanyika China mwaka 2019. Funza wa hariri hula majani ya mforosadi peke yake, na tangu zamani watu waliamini ndivyo tumbo lake lilivyoumbwa. Watafiti wakazima jeni moja ya kuonja, inayoitwa GR66. Funza wale wakaanza kula tufaha, soya, hata mahindi. Kumbe siku zote kilichowazuia kilikuwa ladha.

Na sisi tukataka kuona kwa macho yetu. Tulikamata viwavijeshi kwenye shamba la shule, wale wenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne karibu na mkia. Siku ya kwanza tuliwaweka wawili chombo kimoja, na asubuhi tukamkuta mmoja tu, amenenepa. Tangu hapo kila mmoja ana kisahani chake. Tukakata vipande viwili vya jani changa, kimoja tukakichovya kwenye maji ya mwarobaini uliotwangwa, kingine kwenye maji matupu, tukaviacha vikauke. Kiwavi alifika kwanza kwenye kipande cha mwarobaini. Akakipapasa, akauma ukingoni, akarudisha kichwa nyuma kwa haraka, akausugua mdomo kwenye kisahani. Kisha akageuka, akatambaa hadi kipande cha pili, akala mpaka ukabaki mshipa wa kati. Mwanafunzi wa kidato cha pili akapaza sauti, "Ameonja!" Tuliporudia kwa wengine, wapo waliokataa kabisa, na wapo ambao baada ya muda walizoea wakala. Kwa hiyo hatusemi mwarobaini peke yake unatosha.

Jibu la swali la yule mama tulilipata ng'ambo ya mpaka, kwenye Ziwa Victoria hilihili letu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kina tawi Mbita, Kenya. Huko Dkt. Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, waliunda kilimo cha Vuta-Sukuma. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake humsukuma nondo wa bungua, yaani funza wanaotoboa mabua kama wale wa yule mama. Mabingobingo, nyasi ndefu za malisho, huzunguka shamba na kumvuta nje. Jambo tunalolipenda zaidi ni hili: katika saa ya kwanza ya giza, mabingobingo huongeza harufu hiyo takribani mara mia, na ndio wakati nondo anatafuta pa kutaga. Hutaga hapo, na watoto wake wengi hufa kwenye utomvu unaonata. Chini, desmodiamu hurutubisha udongo na kudhibiti gugu la kiduha. Hakuna jeni iliyoguswa. Pua ya nondo imebaki vilevile, ila shamba sasa linasema naye lugha anayoielewa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunazo changamoto. Hadubini yetu ni moja na lenzi yake imepasuka. Papasi ya nondo tunaiona kama uzi tu. Mwaka jana tulichanga fedha tukanunua vivutio vya feromoni, tukavihifadhi kabatini kwa sababu hatuna jokofu. Joto lilimaliza harufu yake, na mitego ikakaa mitupu wiki nzima. Lilituuma, kwa kuwa fedha zile zilitoka kwa wazazi.

Tunaomba ofisi yako itusaidie kupata hadubini moja nzima, jokofu dogo, na mbegu au marando ya desmodiamu ya kutosha robo eka iliyo nyuma ya bwalo. Tunaomba pia mabwana shamba wa kata waje kujifunza nasi shambani humo, na yule mama awe wa kwanza kugawiwa marando.

Mabingobingo tumekwisha kuyapanda mstari mmoja kando ya uzio. Ikiwa ratiba yako inaruhusu, tunakuomba ubaki nasi hadi saa moja usiku. Tochi tunazo. Ukisimama pale kimya utawaona nondo wakija.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanaklabu wa Baiolojia